Uzi: Walimu wenzangu, kabla ya kuambiwa tupumzike, tuhesabu kwanza saa zetu

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, walimu wenzangu, hasa mlioko huku kwetu Arusha na majirani zetu wa Moshi.

Mwezi wa tatu mwaka huu, masika ikiwa imekwisha kuanza na njia ya kwetu Moshono imegeuka tope tupu, nilirudisha madaftari ya insha ya Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimeyasahihisha nyumbani kwa siku tatu mfululizo, kila siku hadi saa sita na ushee usiku, kitenge mabegani kwa ajili ya baridi. Kipindi kilipokwisha nikasikia kicheko nyuma ya darasa, kile cha kuzibwa kwa kiganja ambacho kila mwalimu anakifahamu. Nikamwita kijana mwenye daftari, naye hakukataa kunionyesha. Katika aya ya tatu ya insha yake kuhusu umuhimu wa misitu alikuwa ameandika, kwa mwandiko ule ule safi: "Mwalimu, ukifika hapa, tafadhali chora nyota pembeni." Nyota haikuwapo. Palikuwa na alama yangu ya vema kwa wino mwekundu, juu ya sentensi hiyo hiyo, na chini ya ukurasa nilikuwa nimempa 14 kwa 20 na kuandika: "Kazi nzuri, zingatia uakifishaji."

Sikumwadhibu. Nilichora nyota mbele yake, wenzake wakacheka kwa sauti, nami nikacheka nao. Lakini jioni, nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha kifodi, daladala zetu ndogo za huku, na mfuko wa madaftari mengine mapajani, nilitambua kwamba nilikuwa nimejinyima usingizi wa siku tatu kwa ajili ya kazi ambayo, kwa kweli, sikuifanya. Nilikuwa nimepitisha kalamu tu.

Nimehudhuria semina zaidi ya moja ambazo mtoa mada hutuambia walimu tujitunze: tunywe maji, tufanye mazoezi, tutenge muda wa familia, tulale mapema. Hakuna neno baya hapo. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia saa ya kulala mapema itatoka wapi, wala alipe nani deni la daftari lililobaki. Mwalimu akirudi na ushauri huo shuleni anaongeza mzigo mmoja juu ya ile aliyonayo, kwa maana sasa anajilaumu pia kwa kutojitunza.

Kwa hiyo Jumamosi ile niliketi na kalamu nikahesabu wiki yangu kama mhasibu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya binafsi, mikondo minne yenye wanafunzi 52, 49, 51 na 50, jumla 202. Nina vipindi 24 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, ambavyo ni saa 16 kamili. Zoezi dogo la sarufi la kila wiki linanichukua dakika mbili kwa daftari, sawa na saa 6 na dakika 44. Maandalio ya somo ni 12, kwa sababu mikondo hushabihiana, na kila moja huhitaji dakika 20 hivi: saa 4. Insha moja hunichukua dakika sita nikiisoma kwa haki, na kwa wanafunzi 202 hiyo ni saa 20 na dakika 12. Kwa kuwa tunaandika insha kila baada ya wiki mbili, nusu yake ni saa 10 na dakika 6 kwa wiki. Masomo ya ziada ya jioni ni saa 5, kazi za mwalimu wa darasa ni saa 4, Jumamosi asubuhi saa 4 nyingine. Jumla ni saa 49 na dakika 50.

Hapo sijaingiza wiki ya zamu, ambapo ninatakiwa kuwa getini saa 12:30 asubuhi na kuondoka baada ya mwanafunzi wa mwisho. Sijaingiza vikao, wala kusimamia chakula cha mchana, wala kundi la wazazi la WhatsApp.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Nilikuwa ninajua sheria hiyo ipo, kama tunavyojua wote, lakini sikuwahi kuweka tarakimu zangu kando ya tarakimu zake. Nilipoziweka, aibu niliyokuwa nayo tangu siku ya nyota ilipungua kidogo. Nilikuwa nimezoea kujiona mvivu asiyemaliza kazi, kumbe kazi yenyewe haikuwa na mahali pa kuingia ndani ya wiki.

Nilichofanya baadaye kilikuwa kidogo. Niligawa kila mkondo nusu kwa nusu. Katika awamu moja ya insha, nusu ya kwanza naisoma kwa dakika zangu sita kamili na kuandika maoni ya kweli. Nusu ya pili husomana wenyewe darasani, wawili wawili, kwa kufuata mambo manne niliyoyaandika ubaoni, kisha mimi nazipitia kwa dakika moja moja kuona kama wamesomana kwa haki. Awamu inayofuata tunageuza. Saa 20 na dakika 12 zimeshuka hadi saa 11 na dakika 47 kwa wiki mbili. Pia nimeacha kuandika kosa lile lile mara mia mbili: sasa pembeni naweka herufi tu, *n* kwa ngeli, *t* kwa tahajia, *a* kwa kukosa aya, na mwanafunzi ndiye anayelitafuta kosa lake na kulirekebisha.

Hili halikupita kimyakimya. Shuleni kwetu ilikuwa desturi kwamba kila insha iwe na wino mwekundu wa mwalimu, na mwalimu wa taaluma hukagua. Nilipeleka ile karatasi ya hesabu kwa mkuu wa shule. Sikulalamika kwamba nimechoka, maana kila mtu pale amechoka na neno hilo halina uzito tena. Nilimwuliza tu, kati ya mistari ile, ni upi anaona niufute. Alikaa nayo wiki mbili. Aliporudi alikuwa amekubali utaratibu wa nusu kwa nusu kwa muhula mmoja, kwa sharti kwamba wazazi waelezwe kwenye kikao. Walielezwa, wawili walinung'unika, tukaendelea.

Ningependa kusikia kwenu. Nani mwingine amewahi kuhesabu?

Tambarare

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa uzi wenye tarakimu, lakini niruhusu niseme kwamba umeandika kama mtu mwenye wanafunzi wachache. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Moshi Vijijini, ukanda wa chini kwenye mashamba ya mpunga. Wenzetu wa milimani, ambako vijana wengi wamehamia mijini, wana madarasa madogo. Sisi huku watoto wanajaa. Darasa langu la Tatu lina watoto 97, ilhali kiwango kinachotajwa miaka yote ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 tumepokea watoto kwa furaha, na ni haki yao, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile.

Nina masomo matatu kwa siku katika darasa hilo. Madaftari 97 mara tatu ni 291. Nikilipa kila daftari dakika moja tu, hiyo ni saa 4 na dakika 51, kila siku ya Mungu. Siwezi kumwambia mtoto wa miaka tisa amsahihishie mwenzake kwa kufuata mambo manne ubaoni. Na mwalimu mkuu wangu hana mstari wa kufuta, kwa sababu yeye mwenyewe anafundisha Darasa la Sita. Sasa nihesabu ili iweje?

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Tambarare, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na ninakubali kwamba mfano wangu haukufikii moja kwa moja. Siwezi kukupa kipimo kimoja na dada yako wa mjini.

Hata hivyo, hesabu yako imesema jambo ambalo mimi nisingethubutu kulisema kwa niaba yako: madaftari 291 kwa siku hayasahihishwi. Hayasahihishwi na wewe, wala na mwalimu mwingine yeyote aliye hai. Kinachofanyika ni kile nilichokifanya mimi kwa kijana wa nyota. Likisemwa wazi, linabaki swali la pili, nalo ni kama utapitisha kalamu juu ya yote 291 au utasoma machache kwa haki.

Nilimwuliza rafiki yangu wa Ngaramtoni anayefundisha darasa la pili lenye watoto zaidi ya 80. Yeye amelipanga darasa kwa safu tano na kila siku hukusanya madaftari ya safu moja tu, akayasoma kwelikweli. Zile nyingine nne hujisahihisha kwa pamoja, jibu likiandikwa ubaoni na watoto wakilitamka. Ikifika Ijumaa kila mtoto amesomwa mara moja. Kwa watoto wako 97 hiyo ingekuwa 19 au 20 kwa somo, takriban 60 kwa siku, saa moja. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, amewabandikia jedwali la safu ukutani waone kwamba ni utaratibu, si uzembe. Bado ni darasa kubwa mno, na hilo halitibiwi na jedwali. Lakini ukiwa na hesabu iliyoandikwa, mwalimu mkuu wako anapokwenda kwa afisa elimu kata kuomba mwalimu, anakwenda na kitu mkononi.

Mstaafu wa UPE

Wanangu, shikamoo mnazitoa kwa maandishi siku hizi, basi nami nimezipokea.

Mimi ni miongoni mwa walimu tulioandaliwa vijijini baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati nchi ilipoamua kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, mpango ulioitwa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Nilianza kufundisha asubuhi na kuingia tena mchana na kundi la pili, madawati yale yale, chaki ya kuhesabu. Hatukuwa na karatasi ya saa. Tuliitwa kwenye kazi hii, na wito haupimwi kwa dakika. Ninaposoma kijana anataja dakika sita kwa insha napata wasiwasi kwamba siku moja atataja pia dakika za kumpenda mwanafunzi.

Nitasema pia jambo la haki upande wenu. Sisi saa kumi jioni tulikuwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Nyumba ya mwalimu ilikuwa hatua mia mbili kutoka darasani, na ukishafunga ofisi hakuna mzazi aliyekufuata hadi chumbani. Leo namwona binti yangu, naye ni mwalimu, analishwa na simu yake hadi saa nne usiku: "Madam, mtoto hajaandika kazi ya nyumbani, unasemaje?" Hilo sisi hatukulijua.

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Marahaba hatuna, baba. Shikamoo ni yako. Asante kwa kufika.

Kuhusu wito, sibishani nawe, maana ni kizazi chenu kilichotufundisha kusoma. Naomba tu tukumbuke kwamba hata wale waliotaka kuiheshimu kazi hii kimataifa hawakuona aibu kuhesabu. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966 na ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huangukia tarehe hiyo, linataka saa za mwalimu zipangwe kwa kuangalia idadi ya wanafunzi anaokutana nao kwa siku na kwa wiki, muda wa kuandaa somo na kutathmini kazi, idadi ya masomo tofauti, hata muda wa kuzungumza na wazazi. Walioyaandika hayo waliamini katika wito pia.

Na ninaogopa wito unaotumika vibaya. Mwenye shule anapotaka darasa la Jumapili bila malipo, neno la kwanza kinywani mwake ni wito.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuelezea uchovu huu mkubwa kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa: msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Wametaja alama tatu, nazo ni nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na mtu kujiona hafanyi jambo lenye tija. Ile ya pili ndiyo iliyonishtua. Mwezi wa pili nilikuwa nimeanza kuwaita Kidato cha Pili B "wale", tena mbele ya wenzangu ofisini. Dakika za kumpenda mwanafunzi, baba, ndizo zinazoliwa kwanza.

Mlezi wa Bweni

Naomba nichangie kutoka upande ambao huwa unasahaulika. Ninafundisha Biolojia na wakati huo huo ni mlezi wa bweni la wasichana katika shule moja ya njia ya kwenda Usa River. Kengele ya kuamka inagongwa saa kumi na nusu alfajiri nami niwe nimesimama mlangoni. Prepu, masomo ya usiku ya wanafunzi, inakwisha saa nne usiku, ninahesabu vichwa, ninagawa dawa kwa wagonjwa, ninazima taa saa nne na nusu, na mimi mwenyewe ninalala saa tano na nusu nikibahatika, kwa kuwa kila wiki yupo anayelia kwa tumbo au kwa kukumbuka nyumbani. Nina chumba cha bure na chakula cha bure, na kila nikitaka kusema neno naambiwa, "Mwalimu, wewe hulipi pango."

Mwezi uliopita nilisinzia nimesimama, maabara, mkono wangu ukiwa karibu na taa ya spiriti. Mwanafunzi ndiye aliyeisogeza. Je, sheria inaniona mtu kama mimi, au inawaona wale wanaorudi kwao tu?

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Dada yangu, inakuona. Pole sana kwa lililotokea maabara, na mshukuru binti huyo.

Nitaeleza kwa makini kwa sababu wengi wetu katika shule za binafsi tunasaini mkataba bila kujua yaliyo nyuma yake. Sheria ile ile ya 2004 inataka mwajiriwa apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 mfululizo katika kila wiki. Zile 12 zinaweza kupunguzwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na kwa masharti yake. Wewe unamaliza saa nne na nusu usiku na kuanza saa kumi na nusu alfajiri, ambazo ni saa 6. Huhitaji mwanasheria kuona kwamba 6 haifiki hata 8.

Ukifanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kazi ya ziada hufanywa kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Saa za kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanyiwa kazi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Na ukiugua, una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambazo 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Ninawajua walimu waliolipia siku za malaria kwa kukatwa mshahara huku haki hiyo ikiwa imelala kabatini.

Sikushauri kuanza na sheria mezani. Anza na daftari dogo: kwa wiki mbili andika saa uliyoamka, saa uliyozima taa, mara ulizoamshwa usiku. Kisha omba jambo moja linalowezekana, kwa mfano mlezi wa pili wa kupokezana nawe usiku kwa usiku, au usipangiwe kipindi cha kwanza baada ya usiku wa zamu. Wakikataa kabisa, chama cha wafanyakazi kipo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ina ofisi mikoani. Kumbuka tu kwamba madai yasiyohusu kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee, kwa hiyo "nitaona mwakani" ni njia ya kupoteza haki.

Na chumba si mshahara wa usingizi wako.

Mwalimu wa Majengo

Nitasema lile ambalo wengi hatulisemi. Uchovu wangu hautoki shuleni. Shuleni ninatoka saa tisa na nusu. Saa kumi ninaanza twisheni hapa Majengo, Moshi, hadi saa kumi na mbili, siku tano kwa wiki. Nilikopa shilingi 500,000 za kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali, kwa ajili ya msiba, nikatakiwa kurudisha 650,000 ndani ya mwezi, nikashindwa, nikakopa kwingine kulipia pale. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apunguze kazi, unamcheka.

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Sikucheki, kaka. Hapo karatasi yangu inafika ukingoni, kwa sababu deni halisahihishwi nusu kwa nusu. Ila niambie: wanafunzi wangapi, na wanalipa nini?

Mwalimu wa Majengo

Tisa, kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwezi.

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Basi ni 90,000 kwa saa 40, yaani 2,250 kwa saa, kabla ya nauli. Riba ya mwezi mmoja ya mkopo ule, 150,000, imekula twisheni yako ya mwezi mzima na zaidi ya nusu ya mwezi mwingine. Kwa macho yangu, jioni zako zinafanya kazi kwa ajili ya mkopeshaji. Kama shuleni kwenu kuna kikundi cha kuweka na kukopa, au chama cha akiba na mikopo cha walimu, hata foleni yake iwe ndefu kiasi gani, kuhamishia deni huko kutakurudishia jioni nyingi kuliko ushauri wowote wa kulala mapema. Wanaojua taratibu za huko Moshi wamsaidie mwenzetu hapa.

Muuguzi wa Koo

Mimi si mwalimu. Ninahudumu katika kliniki ya masikio, pua na koo, na naomba niingie kidogo kwa sababu walimu ni wageni wetu wa kila wiki.

Wengi huja sauti ikiwa imekwisha kukwaruza kwa miezi. Wamekuwa wakinong'ona wakidhani wanaipumzisha, wakati kunong'ona kwa nguvu huichosha zaidi, na wamekuwa wakikohoa kila dakika kusafisha koo, jambo ambalo nalo huumiza nyuzi za sauti. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu isingojee likizo, ije ikaangaliwe. Pigeni makofi au gongeni meza badala ya kupaza sauti juu ya kelele, na futeni ubao kwa kitambaa chenye unyevu, si kikavu, ili vumbi la chaki lisipande.

La pili ni la kuaibisha kidogo. Walimu wa kike wengi hawanywi maji kuanzia asubuhi hadi saa nane kwa sababu choo cha walimu ni kibovu au kiko mbali, na wanabana mkojo vipindi vinne. Kisha wanakuja na maambukizi ya njia ya mkojo, mara ya tatu kwa mwaka. Mkiwapelekea wakuu wenu karatasi za saa, andikeni na choo humo.

Mzazi wa Njiro

Naomba radhi kwa kujipenyeza. Nimesoma habari za makundi ya WhatsApp na nimejiona. Sisi wazazi tunatuma ujumbe saa nne usiku kwa sababu ndipo tunapopata nafasi, hatutarajii kujibiwa saa hiyo. Kwa nini walimu hamsemi?

Mwalimu wa Insha (mwanzisha uzi)

Swali la haki, mzazi. Hatusemi kwa sababu ukimya wa mwalimu mmoja hulinganishwa na wepesi wa mwalimu mwingine anayejibu hadi usiku wa manane, na kikao cha wazazi kikija husifiwa yule.

Mimi nilijaribu kusema, na nikakosea. Mwezi wa nne niliandika kwenye kundi kwamba sitasoma ujumbe wowote baada ya saa kumi na mbili jioni, nikazima simu. Jumanne ya pili yake mtoto mmoja hakufika nyumbani hadi saa mbili usiku. Gari la shule lilikuwa limekwama Kwa Mrombo. Mama yake alinipigia mara kumi na moja. Mtoto alikuwa salama, lakini mama yule hakunisamehe kwa muda mrefu, na sikumlaumu. Nilikuwa nimefunga mlango bila kuonyesha mwingine uliko.

Sasa tumeweka hivi: namba ya mwalimu wa zamu ndiyo ya dharura, imeandikwa juu ya kundi, na inapigiwa, haitumiwi ujumbe. Mengine yote huandikwa saa yoyote mzazi anayopenda, nami huyajibu kati ya saa nane na saa tisa mchana siku inayofuata, nikiwa bado shuleni. Wiki mbili za mwanzo niliendelea kuchungulia simu usiku kama mwizi.

Muuguzi, asante. Nimeongeza mstari wa choo kwenye karatasi yangu, na nimegundua kwamba tulikuwa walimu wa kike 14 na tundu moja, ambalo halina maji tangu Februari. Nimelipeleka kama lilivyo.

Tambarare ameniandikia pembeni kwamba amejaribu safu tano kwa somo la Hisabati peke yake, na kwamba mtoto mmoja wa safu ya nne alilia kwa sababu siku yake ilikuwa mbali. Nimemwambia asimfiche, aandike na hilo.

Maswali mengine nitayajibu Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Leo nina nusu ya Kidato cha Pili B, madaftari 26 kwa dakika sita sita, hapa hapa ofisini, na kifodi changu ni cha saa kumi na mbili kasoro robo.